Mji wa Walioachwa na Treni

Nyumba ya nne, Safu ya Reli,
Nyuma ya tangi la maji.
Ijumaa, tarehe 5 Juni.

Mpendwa mwanangu Kipenga,

Kosa wanalolifanya watu wengi ni kudhani kwamba stesheni ni mahali pa kuondokea. Nimetanguliza kosa kabla ya salamu, na zamani nilipokuwa nikifundisha, mwanafunzi angefanya hivyo ningempunguzia alama. Lakini wewe unanijua: nikiwa na jambo la kueleza koo huniwasha. Nitalieleza polepole mpaka likuingie. Sasa tusalimiane kama watu.

Hujambo, mwanangu? Mkeo na mjukuu wangu hawajambo? Mgongo wako uliokuwa ukikusumbua umepoa? Na kazi ya lifti je? Nilimsomea mdogo wangu, baba yako, barua yako ya mwisho, ile uliyoeleza kwamba lifti ni kama behewa linalokwenda juu badala ya mbele. Akasema, "Halifiki mbali." Nadhani alikuwa anakusifu.

Mimi ni mzima, isipokuwa nyonga ya kulia ambayo imeamua kustaafu peke yake bila kunishauri. Nakaa sana, mguu juu ya kigoda. Baba yako naye yupo. Anakohoa asubuhi, lakini anakohoa saa ileile kila siku, kwa hiyo hatuna wasiwasi.

Nina habari nzito kuhusu stesheni yetu, na huwezi kuielewa bila historia. Usigune. Ulizaliwa hapa, ni kweli, lakini uliondoka na miaka kumi na tisa, na kijana wa umri huo haulizi mji wake ulitoka wapi. Anauliza treni inaondoka saa ngapi.

Mji huu haukujengwa kwa sababu ya rutuba, wala madini, wala mto. Ulijengwa kwa sababu injini ilikuwa na kiu. Injini za mvuke hazikuweza kuivuka nyika hii bila kunywa, basi watu wa reli wakachimba kisima, wakasimamisha tangi juu ya nguzo nne, wakaenda zao. Kuijaza injini kulichukua dakika kumi na moja. Si kumi, si kumi na mbili. Upana wa bomba ndio ulioamua, na mpaka leo bomba hilo ndilo linalotutawala.

Katika dakika hizo abiria walishuka kunyoosha miguu. Anayenyoosha miguu huanza kuhisi njaa, basi akatokea muuza mayai. Aliyekula yai hutaka kinywaji, akatokea muuza chai. Na aliyeshiba hujitazama kwenye kioo cha dirisha la behewa, akatokea kinyozi. Huyo kinyozi ndiye mwanzilishi wa mji wetu, ingawa hakukusudia. Alitundika kibao: NDEVU NA NYWELE, DAKIKA KUMI NA MOJA. Kwa ndevu, kibao kilisema kweli. Kwa ndevu na nywele, zilihitajika kumi na nane.

Babu yako, baba yetu sisi, alikuwa karani kijana anayekwenda kuripoti kwenye kazi yake ya kwanza. Alikaa kitini akataka vyote viwili. Kipenga kikalia shavu la kushoto likiwa laini na la kulia likiwa kichaka. Alikimbia na kitambaa shingoni mpaka mwisho wa jukwaa, akalitazama behewa la nyuma likiwa dogo, dogo, likaisha. Akarudi, akaketi. "Haya," akamwambia kinyozi, "malizia." Treni iliyofuata ilikuwa baada ya siku mbili. Ndani ya siku hizo mbili alimwona binti wa muuza mayai, na hiyo ndiyo sababu mimi na baba yako tukawapo duniani.

Zunguka nyumba zote, utasikia hadithi hiyohiyo imebadilishwa nguo. Nyanya yake Mama Birika wa chai alishuka kutafuta maji ya moto ya mtoto. Babu yake fundi cherehani alishuka kumfuata mtu asiyemjua, ili amwonyeshe kwamba suruali yake imeshonwa vibaya. Hakuna hata mmoja aliyekuja kuishi hapa. Wote waliachwa na treni. Na wewe mwenyewe uliwahi kuchangia: ulikuwa na miaka saba ulipopuliza kwa midomo mlio wa kipenga sawasawa na wa gadi wa treni, dereva akaondoa treni, na gadi mwenyewe akabaki jukwaani na yai mkononi. Alikaa kwetu siku mbili. Alipoondoka alikuachia jina.

Sasa tabia ya mji. Kwa kuwa wazee wetu walipata maisha yao yote ndani ya dakika kumi na moja, tumezoea kwamba jambo lolote la maana lazima litoshe humo. Unaikumbuka ile reli fupi iliyoning'inizwa nje ya chumba cha kungojea abiria? Bado ipo, na baba yako ndiye anayeipiga kwa nyundo. Mkutano, posa, ugomvi wa mke na mume, hotuba, vyote vinaanza kwa pigo moja na kukoma kwa pigo la pili. Lililosemwa limesemwa, na lililoamuliwa wakati reli inalia ndilo lililoamuliwa. Wageni wanatuona wehu. Mimi nawaambia hatuna kesi hata moja ya ndoa iliyozidi robo saa.

Injini za dizeli zilipokuja, kiu ikaisha. Siku hizi treni inasimama dakika mbili, tena kwa mazoea tu, kama mtu anayepita nyumba ya rafiki aliyekwishahama. Jumanne inapanda kutoka huko kwenu, Alhamisi inateremka kurudi huko.

Mwezi uliopita ikaja barua kutoka makao makuu ya reli: mkaguzi atafika Jumanne, tarehe 2 Juni, kuona kama stesheni hii inatumika. Isipotumika, treni haitasimama tena. Msimamizi wetu wa stesheni, binti mpole mwenye sauti ndogo, alituita kwenye chumba cha kungojea akaisoma mara mbili. Baba yako akapiga reli, mkutano ukaanza.

"Wanataka abiria?" Kinyozi akasimama. Huyu ni mjukuu wa yule wa kibao, na haraka ameirithi yote. "Tutawapa abiria mpaka wachoke! Jumanne kila mwenye miguu anakata tiketi, anapanda. Mkaguzi akute jukwaa limefurika. Aandike mpaka wino umwishie!"

"Na mizigo," akasema Mama Birika. "Msafiri asiye na mzigo anaonekana mtoro."

"Mzigo wa nini, Mama?"

"Wowote! Tia mto kwenye sanduku, funga. Kwani mkaguzi ana macho ya kupenya mbao?"

"Mimi nina swali," nikasema.

"Mwalimu ana swali," akasema Kinyozi. "Jamani, leteni mablanketi, tutalala hapa."

Sikumjali. Nilimfundisha hesabu huyo, na alikuwa hivyohivyo. Nikawaeleza kwa hatua tatu. Hatua ya kwanza, treni ya Jumanne inapanda. Hatua ya pili, ya kuwarudisha ni ya Alhamisi. Nikafungua kinywa kwa hatua ya tatu, ambayo ndiyo yenyewe, kwamba wote wakiondoka mkaguzi atashukia kwenye mji mtupu. Baba yako akapiga reli.

"Mdogo wangu, bado sentensi moja!"

"Dada, ni dakika kumi na moja," akasema. "Wewe ndiye uliyenifundisha kuhesabu."

Ikaamuliwa.

Jumanne watu walijaa jukwaani tangu saa nne kasoro dakika kumi, wamevaa nguo za heshima, kila mmoja na sanduku jepesi kupita kiasi. Fundi cherehani peke yake alibeba mzigo wa kweli. Alikuja na cherehani nzima, akidai hajawahi kusafiri bila kazi. Treni ikaingia saa nne na dakika nne. Mlango ukafunguka, na kabla ya yeyote kushuka mji mzima ukaanza kupanda.

Mlangoni alikuwepo bwana mmoja mwembamba mwenye miwani na mkoba wa ngozi, anasukumwa kurudi ndani. "Tafadhalini! Nashuka!"

"Shuka kesho, baba!" Mama Birika akamwambia, akimsukuma kwa sanduku la mito. "Leo zamu ya kupanda!"

Maskini akapotelea ndani. Msimamizi wa stesheni alikuwa anamsaidia fundi kuinua cherehani. Umati ukambeba naye juu kwa juu na bendera yake ya kijani mkononi. Alipotoa mkono dirishani kuomba msaada, dereva akaiona bendera ya kijani, akaondoka. Sheria ndiyo inavyosema.

Kukawa kimya, mwanangu, kimya ambacho sijawahi kukisikia hapa. Nilibaki mimi kwenye benchi na mguu wangu juu ya kigoda, mbuzi wa Kinyozi, na baba yako. Baba yako alikataa kupanda. Alisema lazima abaki mtu wa kumpokea anayeshuka. Akavaa kofia yake ya zamani ya kugeuza njia za reli, akasimama mwisho wa jukwaa.

Mkaguzi akatokea upande wa pili wa reli, alikorukia kwa mlango wa nyuma, magoti yamejaa vumbi.

"Shikamooni, wazee."

"Marahaba, karibu," akasema baba yako. "Umechelewa dakika nne."

"Si mimi mzee, ni treni."

"Ndivyo nilivyoandika."

Bwana yule akatazama huku na huku. "Watu wa hapa wako wapi?"

"Wamesafiri," nikasema.

"Wote?"

"Ni watu wa safari sana." Niliona aibu, maana nimefundisha watoto miaka thelathini wasiseme uongo. Ila nikiupima vizuri, haukuwa uongo.

Baba yako akamtembeza. Kwa Kinyozi povu la sabuni lilikuwa bado halijatua bakulini. Kwa Mama Birika maji yalikuwa yanachemka jikoni hakuna mtu, baba yako akaipua. Shuleni ubao uliandikwa saba mara nane, jibu hakuna. Nikamwona mkaguzi anaandika kwenye daftari, nikachungulia: Mji ni safi. Wakazi hawapo.

"Treni ya kunirudisha ni saa ngapi?" akauliza.

"Saa nne," akasema baba yako.

"Ya jioni?"

"Ya Alhamisi."

Bwana yule akakaa taratibu kwenye benchi, mkoba mapajani. Nikasema moyoni, karibu nyumbani. Ndivyo sote tulivyoanza.

Alikaa kwetu siku mbili. Tulimpa chumba chako. Nilimsimulia historia ya mji mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza alisinzia. Jumatano, tukila, akaweka kijiko chini akaniambia lile nililolitanguliza juu kabisa ya barua hii.

"Mama, watu wengi wanakosea. Wanadhani stesheni ni mahali pa kuondokea. Hata stesheni inayokufa ina watu wa kuondoka, tena ndiyo inao wengi. Sisi tunamtafuta anayeshuka."

Akanionyesha fomu. Mambo mengi yameandikwa pale kwa herufi ndogo, lakini swali la mwisho ndilo linaloamua, na lina visanduku viwili tu: Je, ndani ya miaka mitatu yuko abiria aliyekata tiketi stesheni kuu kuja kushukia hapa? Ndiyo. La. Fomu haiulizi wangapi. Mmoja anatosha. Lakini kwenye orodha yake hakumwona hata huyo mmoja, maana wanaokuja huku siku hizi hudandia malori.

"Na wewe je?" nikamwuliza. "Si umeshuka?"

"Mimi nasafiri kwa kibali cha kazi. Kibali si tiketi."

Alhamisi treni ikateremka na watu wetu wote. Siku mbili walikuwa wamelala kwenye ghala la pamba la stesheni ya juu, na walishuka weupe kichwani kama wamezeeka njiani. Fundi amewashonea nusu ya watu wa huko. Msimamizi anaomba radhi kwa kila mtu, hata kwa mbuzi. Kinyozi akaruka kabla treni haijasimama: "Mkaguzi yuko wapi? Andika! Tunashuka hao!"

"Nyinyi si ndio mlionisukuma?" mkaguzi akasema.

Mama Birika akamtambua, akajifunika uso kwa mto. Ndipo bwana yule akacheka, na alicheka dakika zote mbili za treni mpaka ikabidi asukumwe tena, safari hii kuingia. Mguu ukiwa ngazini akatuambia: "Nitaiacha fomu wazi mpaka treni ya tarehe 30. Siwezi kuandika Ndiyo ambayo haipo. Nileteeni mtu mmoja."

Hiyo ndiyo hali yetu. Sasa nikueleze moja ambalo baba yako amenikataza. "Asisumbuliwe," amesema. Lakini mimi ni dada yake mkubwa, na hakupiga reli.

Siku ile ya Jumanne mkaguzi alimwuliza, "Mzee, umestaafu miaka saba. Unafanya nini hapa jukwaani?"

"Nakagua saa."

"Saa ipo ukutani."

"Hiyo inachelewa."

Mkaguzi akaomba kuliona daftari lake. Mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi kulifungua. Kila Jumanne ya miaka kumi na moja imo. Kwanza tarehe, halafu saa treni ilipoingia, halafu safu ya tatu aliyoiandika kwa mkono wake ule mzito: Aliyeshuka. Chini yake, ukurasa baada ya ukurasa, kistari kimoja kila Jumanne. Mkaguzi akalifunga akamrudishia kwa mikono miwili.

Mwanangu, siku uliyoondoka, miaka kumi na moja iliyopita, nilikuwepo. Ulimwambia reli yake imekufa na yeye anaishikia bendera. Akakuambia, "Wewe mtoto," na kipenga kikalia, treni ikakuchukua. Kosa lenu si kugombana. Kosa lenu ni kugombana kwa dakika mbili katika mji ambao ugomvi unahitaji kumi na moja. Uliondoka na ugomvi nusu, kama babu yako na ndevu zake. Nimemwuliza mara nyingi sentensi ile ilikuwa inaishia wapi. Ananijibu, "Si yako." Basi sijui. Anaijua yeye, na ameibakiza kinywani muda wote huu, na anaitunza kama anavyoitunza ile nyundo.

Kila mwaka unaandika kwamba utakuja. Mimi naziweka barua zako kwenye kopo la biskuti, na kopo limejaa. Treni ikiacha kusimama, baba yako ataendelea kwenda pale Jumanne. Namjua. Ataitazama ikipita, ataandika saa, atapiga kistari.

Kinyozi anakusalimu. Anasema njoo na ndevu, atakumalizia zote, kibao amekirekebisha. Mama Birika anakusalimu, na amesema safari hii hamsukumi anayeshuka. Msimamizi hakujui lakini anakusalimu na kukuomba radhi. Mbusu mjukuu wangu ninayemjua kwa picha tu, na mkumbushe mkeo kwamba fomu haiulizi wangapi. Mungu akulinde kwenye hizo kamba za lifti, akupe mgongo wenye nguvu na safari yenye kiti cha dirishani.

Ni mimi ninayekupenda tangu hujajua kupuliza,
Shangazi yako, Mwalimu.

Barua hii inasafiri na treni ya Alhamisi, kwa hiyo utaisoma Ijumaa, na siku hiyo dirisha la tiketi liko wazi mpaka saa kumi. Ikunje, vaa viatu, nenda ukate tiketi ya kushukia hapa, leo.